Ulimi Wakati wa Hofu



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyemfundisha mwanadamu kusema kisha akaweka Malaika wa kuyaandika anayoyasema. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho.

Amma baad. Ndugu zangu wanachuo, kitengo cha daawa kimeniomba niandike juu ya kuuhifadhi ulimi. Mada hii mmeisikia mara nyingi kwenye darsa, na kwa kawaida tunaishia kwenye kusengenya na umbea wa bwenini. Mimi naipeleka mahali ambapo haizungumzwi sana, yaani ulimi wakati wa vita na hofu. Nina sababu yangu. Kwetu ni Nyakalengija, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kijiji ambacho wapanda mlima wengi wa Ruwenzori huanzia safari. Ukishuka kusini mpaka Bwera, ukafika Mpondwe na kuvuka mto Lhubiriha, umeingia Kongo. Ng'ambo na ng'ambo ni ndugu, lugha zinasikilizana, na neno linalosemwa sokoni asubuhi linalala nchi nyingine.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilibandika mabango nchi nzima kuwaonya raia wachunge midomo yao, kwa sababu maneno ya ovyo yanagharimu roho za watu. Mabango yaliyopendwa zaidi yalichorwa na Cyril Kenneth Bird, aliyejulikana kwa jina la Fougasse. Katika bango moja wanawake wawili wamekaa ndani ya basi wanapiga soga, na kiti cha nyuma yao wamekaa Hitler na Göring wametega masikio. Watu walicheka, na ujumbe ukawaingia. Mama anayetaja barua ya mwanawe baharini, kwamba wanaondoka Alhamisi, hana nia mbaya hata kidogo. Lakini Alhamisi ni siku, meli ina watu, na adui anahitaji hilo tu.

Vita ile haikuwa ya Wazungu peke yao. Babu zetu kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa walivaa sare za KAR wakapelekwa mpaka Burma. Mwaka 1942 Kilindini, Mombasa, ilikuwa kituo cha manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na zaidi ya watu 1,500, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Sisemi kwamba ni ulimi wa mtu uliowazamisha. Nikisema hivyo nitakuwa nafanya jambo lilelile ninalolikataza. Nawataja ili anayeyaona mabango yale kuwa michoro ya kuchekesha ajue kilichokuwa upande wa pili wake.

Kuna sehemu nyingine ya kisa cha mabango ambayo haisimuliwi sana. Serikali ileile haikutosheka na kuwaambia watu wanyamaze. Mwaka huohuo wa 1940 ilifanya kusambaza habari za kuogofya na kukatisha tamaa kuwa kosa la jinai, na Julai ikaanzisha kampeni ya kuwataka raia wawanyamazishe wenzao, na mkaidi ashtakiwe. Watu wa kawaida wakajikuta mahakamani kwa maneno waliyoyasema dukani. Jirani akaanza kumwogopa jirani kuliko anavyowaogopa Wajerumani. Wananchi wakachukia, na kabla mwezi haujaisha Churchill mwenyewe alisimama bungeni akaiacha ile kampeni ife.

Basi bango lina mwisho wake. Linaweza kukwambia usiseme. Haliwezi kukufundisha lini useme, useme kwa nani, wala jina la nani usilibebe mdomoni. Hapo ndipo ninapotaka turudi kwa Mtume (s.a.w.).

Mtume wetu alikuwa mtunza siri wa vita. Kaab bin Malik (r.a.), katika hadithi yake ndefu ya kukosa vita vya Tabuk, ametusimulia kwamba ilikuwa nadra Mtume kutoka kwenda vitani bila kuashiria upande mwingine, ili habari zisimtangulie. Tabuk ndiyo aliyoitaja waziwazi, kwa sababu ya umbali na jua kali, watu wajiandae. Na siri hizi hazikuachiwa wakubwa tu. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa bado mtoto Mtume alipomtuma jambo. Akachelewa kurudi kwa mama yake. Mama akauliza umechelewa wapi, akajibu Mtume amenituma. Akauliza umetumwa nini, akajibu hiyo ni siri. Mama yake, Ummu Sulaym (r.a.), hakumbembeleza wala hakumkemea, alimwambia basi siri ya Mtume wa Allah usimwambie mtu yeyote. Wangapi kati yetu tuna mama wa namna hiyo? Na wangapi kati yetu ni Anas, hasa mkononi tukiwa na simu?

Sasa njoo kwenye kisa cha Hatib bin Abi Baltaa (r.a.). Mwaka wa 8 Hijria, Mtume anajiandaa kwenda Makka na hataki Maquraish wajue. Hatib, aliyepigana Badri, akaandika barua ya kuwatonya na kumpa mwanamke aipeleke. Wahyi ukamfikia Mtume. Akawatuma Ali, Zubair na Miqdad (r.a.), wakamkuta yule mwanamke mahali paitwapo Rawdhatu Khakh, na barua ikatolewa kwenye misuko ya nywele zake. Hakuna bango la Fougasse linaloonesha jambo zito kama hili. Barua ile ingefika, damu ingemwagika.

Tazameni alichofanya Mtume (s.a.w.). Alimwita Hatib akamuuliza: hii ni nini? Akamwacha aeleze mpaka amalize. Hatib akasema hakuritadi wala hakupenda ukafiri. Ana watu wake Makka wasio na ukoo wa kuwalinda, akataka awe na fadhila kwa Maquraish wasiwadhuru. Umar (r.a.) akaomba ruhusa ya kumkata shingo. Mtume akasema mtu huyu amewaambia ukweli, akakumbusha kwamba alikuwapo Badri, na akawataka masahaba wasimseme ila kwa kheri. Kosa halikufanywa dogo, kwani Suratul Mumtahana inaanza na jambo hilihili. Lakini mtu aliyekamatwa na ushahidi wa maandishi aliulizwa kwanza, akasikilizwa, na wengine wakazuiwa kumla nyama. Sisi tunamhukumu ndugu yetu kwa ndevu zake na kwa safari moja aliyoifanya Beni.

Kisa kingine ndicho ninachotaka kukaa nacho zaidi, kwa sababu ni cha siku za hofu hasa. Ni vita vya Ahzab, mwaka wa 5 Hijria. Madina imezingirwa, baridi kali, njaa, na handaki ndilo pekee lililo kati ya Waislamu na maelfu ya maadui. Katikati ya hali hiyo inakuja habari kwamba Banu Quraydha, waliokuwa na mkataba na Waislamu na makazi yao yako nyuma ya mji, wamevunja mkataba. Maana yake wanawake na watoto wako wazi. Mtume hakuipuuza habari hiyo, wala hakuitangaza. Aliwatuma Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (r.a.), mabwana wa Aws na Khazraj, pamoja na wenzao, waende kwa miguu yao wakaone kwa macho yao. Akawapa maelekezo ambayo waandishi wa sira wameyahifadhi: mkikuta ni uongo, litangazeni kwa watu wote, mkikuta ni kweli, nipeni ishara nitakayoielewa mimi, msije mkazivunja nyoyo za watu. Wakaenda, wakakuta ni kweli na zaidi. Wakarudi wakataja majina mawili tu, Adhal na Qara, makabila ambayo zamani yaliwasaliti masahaba. Mtume akafahamu. Waliosimama handakini hawakuambiwa, wakaendelea kulinda.

Hebu linganisheni na mwenendo wetu. Habari njema, kwamba hali ni shwari, njia imefunguliwa, mtoto amepatikana, haina mbebaji. Habari ya kutisha ina wabebaji mia kabla haijathibitishwa. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawasema watu wa aina hii: likiwafikia jambo la amani au la hofu wanalitangaza papo hapo, na lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka kati yao, wale wenye uwezo wa kulichambua wangelijua lilivyo. Aya inataja amani na hofu pamoja. Hata taarifa ya kwamba mahali fulani pana usalama, ikitangazwa ovyo, humwonesha adui palipo na mlango.

Nirudi nyumbani sasa. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka wakaishambulia Mpondwe, na vita vikaingia milimani kwetu. Tarehe 8 Juni 1998 waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi 80 ndani ya mabweni yao na kuwateka wengine wengi. Hifadhi ya Ruwenzori ilifungwa tangu 1997 mpaka 2001, na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyakalengija kufungwa kwa mlima ni kufungwa kwa chungu. Wapagazi na waongozaji waliokaa miaka yote wakipandisha wageni, ghafla walikuwa watu wanaojua njia za mlimani. Ujuzi uliowalisha ukageuka tuhuma.

Waasi hao walidai Uislamu. Wengi wa waanzilishi wao walitoka katika kundi la vijana wa Tabligh, wakachanganyika na mabaki ya waasi wa zamani wa milimani. Sisi Waislamu wachache wa bonde la Mubuku tukawa kati ya mioto miwili: wanaotuua kwa jina la dini yetu, na wanaotutazama kama jamaa zao.

Miaka ile nilikuwa darasa la tatu. Palikuwa na mzee mmoja wa msikiti wetu, mpagazi asiye na kazi tangu mlima ulipofungwa, aliyenunua mchele kilo ishirini na chumvi nyingi kwa mara moja. Kwa mtu wa hali yake hilo lilionekana. Wenzake wakafanya utani barazani baada ya swala ya Alasiri: huyu bila shaka anawapikia wale wa juu. Walicheka, nami nilikuwepo na watoto wenzangu tukacheka pia, kwa kuwa watoto hucheka wakubwa wakicheka. Utani ukatoka barazani ukafika kisimani, kutoka kisimani ukafika kwenye duka la barabarani, na kila ulipofika ulikuwa umepungua kicheko. Siku ya nne watu wenye silaha walimchukua usiku. Alirudi baada ya miezi mitano akiwa haukunji mkono wake wa kulia. Mchele ulikuwa wa akika. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na yeye alikuwa akikusanya kidogo kidogo kimyakimya, hataki kuwaaibisha wasioweza. Waliomsema hawakuwa majasusi wala maadui wa dini. Walikuwa watu wa safu yake.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi akisimulia kila anachokisikia. Zamani niliona hadithi hii kali mno: mtu hajatunga, kasimulia tu! Ukiifuata njia ya ule utani kutoka barazani mpaka kwenye ule mkono, unaona kwamba hakuna mahali ambapo mtu alitunga. Kila mmoja alisimulia tu.

Na msidhani ni mambo ya kijijini. Aprili 2009 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu waliowekwa kizuizini bila mashtaka na kikosi cha kupambana na ugaidi huko Kololo, Kampala, wengi wao Waislamu walioshukiwa kuwa na ADF. Anayemtesa mtu atabeba mzigo wake mbele ya Allah. Lakini jina la mtu huanzia mdomoni mwa mtu mwingine.

Kisha ikaja usiku wa Ijumaa, 16 Juni 2023. Shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kilomita mbili hivi kutoka mpakani. Wanafunzi 37 waliuawa pamoja na raia wengine, wavulana wakachomewa bwenini. Jeshi lilieleza kwamba wavamizi walikuwa eneo lile kwa siku mbili hivi kabla ya kushambulia. Siku mbili ni muda wa kununua sigara, kunywa chai, na kuuliza maswali yasiyo na ubaya: hapa pana walinzi wangapi? Wasichana wanalala wapi? Simtuhumu mtu yeyote wa Mpondwe kwa kujibu. Ninasema tu kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa kwa tabasamu, na wale wanawake wawili ndani ya basi hawakujua nani amekaa nyuma yao.

Miili ililetwa Bwera hospitalini, mingine imeungua kiasi kwamba ilihitaji vipimo vya DNA kujua ni ya nani. Wazazi walikuwa wanasubiri. Wakati huohuo simu zetu, za sisi tulio mbali vyuoni, zilikuwa zinapokea picha za miili na orodha za majina zisizo na chanzo, chini yake imeandikwa tuma kwa wengine. Hebu mtu aniambie, picha ya mtoto aliyeungua uliyoituma kwenye kundi la darasa lako ilimsaidia nani? Yule anayeua watoto anataka ionekane. Ukiituma umemfanyia kazi yake, tena bure.

Kuna jambo la hapahapa chuoni ambalo ni lazima niliseme, na najua halitawafurahisha baadhi yenu. Katika makundi yetu ya WhatsApp imekuwa mzaha kumwita ndugu aliyefuga ndevu au aliyefupisha suruali yake «ADF». Akikosa darsa wiki mbili anaulizwa kama ameshapanda mlima. Tunaweka vikatuni vya kucheka. Wallahi, mimi nimeshasikia kicheko hicho. Maneno ya simu hayafutiki kama ya barazani. Yana tarehe, yana saa, yana jina la aliyeandika na la aliyeandikiwa, na siku simu moja katika kundi itakapopekuliwa na mtu asiyejua utani wenu, hakutakuwa na wa kumweleza kwamba mlikuwa mnacheka. Suratul Hujurat, katika aya ya 12, imekataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenyana kwa pamoja, na aya ya kabla yake imekataza kuitana majina mabaya. Mpangilio huo si wa bahati. Jina baya huzaa dhana, na dhana humtuma mtu kupeleleza.

Wengine wataniuliza: basi tunyamaze hata tukijua jambo kweli? La. Mtume (s.a.w.) amekataza kuua wanawake na watoto vitani, na anayechoma bweni hana haki ya kusitiriwa nasi eti kwa sababu anasema Laa ilaaha illa Llah. Tunajua pia kwamba wanaotafuta vijana wa kuwapeleka msituni huwadanganya kwa ahadi za kazi na masomo nchi za nje. Mkiona ndugu anaitwa na mtu asiyejulikana kwenye nafasi ya kazi isiyo na jina la kampuni wala anuani, mkalisheni chini leo, kabla ya kesho. Mtu akikuuliza ulinzi wa hosteli yenu, usimjibu, na mweleze msimamizi kwamba fulani ameuliza.

Na ukiwa umeona kitu kinachohatarisha roho za watu, kirudishe kwa wenye mamlaka, yaani mwenyekiti wa kijiji au polisi, na ukihofia kwenda peke yako nenda na imamu au mtu mzima unayemwamini. Eleza ulichokiona: wapi, saa ngapi, watu wangapi. Uliyoyasikia sema umeyasikia, na kwa nani. Uliyoyadhania yaache nyumbani. Jina la mtu usilitaje kwa sababu tu linakujia kichwani. Kisha ukishatoka hapo, usilisimulie tena bwenini, hata kwa rafiki yako, hata kwa kujigamba kwamba ni wewe uliyetoa taarifa. Akina Saad wawili waliona kwa macho yao, wakarudi, wakasema maneno mawili kwa mtu anayehusika, wakaenda kushika nafasi zao handakini.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awape subira wazazi wa Kichwamba na wa Lhubiriha, awarudishe salama waliotekwa, awatoe vizuizini walioonewa, na atusamehe maneno yetu yaliyowafikia watu tusiowajua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.